Kuveze ya Ine Njo Miye

Nianze na aibu yenyewe, nisije nikawaacha mnanidhania mtu wa maana halafu mkaanguka katikati ya njia: siku yangu ya kwanza ya kazi ya uuguzi, katika chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya wakati, mtoto mmoja alipotea, nikamtafuta karibu saa nzima, nikafungisha lango la hospitali, nikapekua vikapu vya watu wazima wenye heshima zao, na mtoto mwenyewe alikuwa kifuani pangu, chini ya koti, amelala. Ndiyo. Chekeni mumalize, nangoja. Kindu nzima ilishacheka, toka mtaa wa Kasuku mpaka ng'ambo ya mto kwetu Alunguli, na mimi mwenyewe nimeisimulia hii habari kwenye matanga na kwenye harusi mpaka imekuwa kama kazi yangu ya pili.

Ila iko sehemu moja ambayo sijaisimulia popote, hata katika daftari hili (na daftari hili limenivumilia mengi). Nitaisema zamu yake ikifika. Nikijaribu kuiruka, mtaona tu, maana mimi nikidanganya mwandiko wangu unakuwa mzuri.

Jina langu ni Mwavita. Nilizaliwa wakati wa vita moja, nikaanza kazi wakati wa vita nyingine, kwa hiyo wazazi wangu hawakukosea jina. Masomo yangu si marefu. Mafunzo ya uuguzi niliyaanza vizuri, vita ikayakata katikati, na wakati hospitali ilikuwa haina watu walichukua hata sisi tuliofika nusu. Sisemi hivi kwa kujitetea, nasema kwa haki: kuna wenzangu walifika nusu ileile na hawakumpoteza mtoto.

Miaka ile treni ilikuwa imekufa, nyasi zimeota kwenye reli mpaka mbuzi wanashinda stesheni kama abiria. Meli hazipandi tena mto. Kila kitu kilikuja kwa ndege au kwa kinga, yaani baiskeli, iliyosukumwa porini wiki mbili, na chumvi, chumvi hii hii ya kupikia, ilipimwa kwa kijiko cha chai, na watoto waliilamba mkononi kama sukari. Umeme tuliuona kwenye stori za wakubwa. Basi hospitali ilikuwa na kuveze mbili za umeme, yaani yale masanduku ya kumpasha joto mtoto aliyezaliwa mapema, na zote mbili tuliwekea makaratasi. Kuveze za kweli zilikuwa tatu, za mbao, zimetengenezwa na fundi mmoja wa Kasuku ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa majeneza (simsemi kwa ubaya, alikuwa fundi safi, na hizi alizitoboa matundu ya hewa). Ndani unapanga chupa za maji moto zilizofungwa nguo, unalaza mtoto katikati, juu unafunika blanketi. Ukiingia chumbani unaona masanduku matatu yamefunikwa, basi. Aliyemo ndani humuoni mpaka ufunue.

Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyesha. Nilivuka mto kwa mtumbwi nimevaa koti la mvua la mjomba wangu, mtu wa reli, koti refu la vifungo saba ambalo ningeweza kuingia mimi na mdogo wangu na nafasi ikabaki. Nikajitambulisha kwa mkubwa wa chumba, Mama Jozefina, mwanamke wa Kasai, mke wa karani wa reli, mnene, mwenye sauti ya kuamsha wodi mbili. Alinitazama toka juu mpaka kwenye viatu.

"Uko na joto?"

"Hapana mama, niko mzima."

"Sikukuuliza kama uko mugonjwa. Nauliza kama uko na joto." Akaniwekea mkono shingoni kama anayejaribu pasi. "Iko. Vua."

"Nivue nini, mama?"

"Koti, bluzi, na ile ya ndani. Leo weye njo kuveze ya ine."

Yaani leo wewe ndiye kuveze ya nne. Alikuwa anatembea akisema, mambo ya chupa iliyopasuka, nguo kulowa, sikushika vizuri, kwa sababu mimi nilikuwa bado kwenye lile neno "ya ndani". Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sijaolewa. Nikageukia ukuta, nikafumba macho (ukutani kulikuwa na mjusi, hata yeye nilimuonea haya), na kabla sijamaliza kuomba Mungu nikasikia kitu kinabandikwa kati ya matiti yangu, kidogo, chepesi, kama kuku aliyenyonyolewa ila kina moyo unaokimbia. Mama Jozefina akakifunga kwa kikwembe, kitenge chake, mizunguko mitatu, kaza, kaza.

"Mama yake wamemupasua jana, hawezi kumubeba. Unakaa naye hivyo mpaka nirudi. Miye naenda uwanja wa ndege kungoja karto ya dawa. Na kila muntu wa hapa umwambie uko na mutoto: mulinzi, wafagiaji, wagonjwa, wote. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Kusikia nilisikia. Akapanda kinga ya hospitali, akaenda. Nami nikabaki na akili zangu, na bahati mbaya ilianzia hapo. Nikawaza: nje kuna watu wa Alunguli, majirani kabisa. Wakiona binti wa watu, hajaolewa, mtoto kifuani, mpaka saa sita mama yangu atakuwa ameshapokea pongezi. Basi nikavaa lile koti juu ya kila kitu, nikafunga vifungo vyote saba, na sikumwambia mtu hata mmoja. Ni hilo tu. Uamuzi mdogo, wa vifungo saba.

Nikaenda uani kuchemsha maji ya chupa. Mtoto alilala, mimi nikapuliza makaa, mvua ikakatika, jua likatoka, nikaanza kujiona muuguzi. Ndipo nikasikia mwanamke analia chumbani kwetu, kilio kile cha kushika kichwa.

"Mutoto hayuko! Wameiba mutoto!"

Alikuwa Bibi Mwayuma, mama wa yule mama aliyepasuliwa (hilo mimi nililijua baadaye). Alikuwa ametembea kwa miguu toka njia ya Kailo tangu alfajiri kuja kuona mjukuu, akafunua blanketi la sanduku la pili, akakuta nguo mbichi peke yake. Miaka ile, neno "ameibiwa" halikuwa mchezo. Watu walikuwa wanapotea kweli. Papa Asumani, mlinzi wa lango, alipiga filimbi mpaka mashavu yakawa mekundu, na kwa mtu mweusi kama yeye hiyo si kazi ndogo.

Sasa mtaniuliza, Mwavita, wewe hukufikiri? Nilifikiri! Hesabu yangu ilikuwa hivi: masanduku matatu yana watoto watatu, mimi ni kuveze ya nne nina wa nne, jumla wanne. Wa sanduku la pili ameibiwa, tumebaki na watatu. Hesabu safi kabisa, hata mwalimu wangu wa darasa la tano angeipa alama, ila ilianza na mtoto asiyekuwepo. Watoto tangu mwanzo walikuwa watatu tu. Na wa sanduku la pili, aliyetolewa kwa sababu chupa ilimpasukia, ndiye aliyekuwa ananitemea mate kifuani.

"Funga lango!" nikapiga kelele. "Hakuna muntu kutoka! Na pale chumbani hakuna muntu kuingia! Kila muntu afungue kikapu chake, haki sawa kwa wote!"

Papa Asumani akanitazama. "Weye njo nani?"

"Munganga."

"Tangu siku gani?"

"Tangu asubuhi."

Akafikiri kidogo, akafunga. Mtu akipiga kelele kwa koti refu anasikilizwa.

Nikapekua. Sitaki kuongeza chumvi (mtaona kwa nini neno hilo linanichoma). Katika kikapu cha kwanza sombe, majani ya muhogo. Katika cha pili sombe. Mzee mmoja mguu wake ulikuwa umefungwa bandeji nene sana, nikamwambia afungue, akafungua, ulikuwa mguu, na ulikuwa mgonjwa kweli, nikamwomba msamaha huku nimeziba pua. Mwanamke mwingine alikuwa amefunga kitu mgongoni kinachotikisika, watu wakamrukia, "Njo ule! Njo ule!", yaani ndiye huyo, kikatoka jogoo, akakimbilia wodi ya wanaume, na wanaume waliokuwa hawawezi kusimama tangu wiki iliyopita wakasimama wote kumfukuza. Nami katikati, jasho linatiririka ndani ya koti, naamuru: haya huku, haya kule. Nisiseme uongo, nilikuwa nafurahi. Siku ya kwanza, na watu wanapanga mstari kwa neno langu.

Bibi Mwayuma alikuwa ameketi chini, anaomboleza. "Mujukuu wangu na kakofia kake, kakofia kekundu, nilikakata kwa soksi ya marehemu babu yake, nikakatuma na mama yake..."

Nikasimama. Tangu asubuhi kulikuwa na kitu kinanikwaruza chini ya kidevu. Nikajigeuza kidogo, nikafungua kifungo cha juu, nikachungulia.

Kilikuwa chekundu.

Hapa ndipo ile sehemu. Kila mara nikisimulia nasema kwamba sikujua kitu mpaka mwisho, na watu wanacheka vizuri, wanasema masikini, hakujua. Nilijua. Nilijua kabla ya mambo kuharibika, na nilikuwa na nafasi ya kusema maneno manne tu: mtoto yuko hapa, samahani. Lakini nikatazama ile mistari ya watu niliowafungulisha, yule mzee na mguu wake, jogoo hajashikwa bado, Bibi amejipaka udongo, nikaona nikisema sasa, kazi imekwisha siku ileile ilipoanza, na jina langu litaimbwa na wapiga makasia. Nikafunga kifungo. Nikapanga kuingia chumbani polepole, nimrudishe mtoto sandukuni, halafu nipige ukelele, "Jamani, huyu hapa, alikuwa chini ya blanketi!"

Nikaenda mpaka mlangoni. Papa Asumani akanyoosha mkono.

"Hakuna muntu kuingia. Weye njo ulisema."

Nilihitaji macho ya watu yageukie upande mwingine, na yake pia. Karibu na lango alikuwa ameketi mwanamke mmoja, Mama Zaina, mwenye kibiashara chake kidogo, kila mtu alimjua, na chini ya kikwembe chake tumboni kulikuwa na uvimbe. Nikanyoosha kidole.

"Na ule? Mbona ule hajafungua?"

Hiyo ndiyo sehemu yenyewe. Nimeiandika. Mwandiko ni mbaya, kwa hiyo ni kweli.

Watu wakamzunguka Mama Zaina. Akashika tumbo. "Sifungue. Hii njo yangu."

"Njo nini?"

"Njo yangu."

Mtu mmoja akasema waitwe wanaume wa barieri, wale wenye bunduki pale barabarani, na hapo nikaogopa kweli, kwa sababu wale wakimchukua mtu hawamrudishi na kikwembe chake. Nikajipenyeza mbele ili nimalize haraka, nikavuta kile kitambaa mwenyewe, kwa mkono huu ninaoandikia.

Chumvi. Mfuko ulipasuka, ikamwagika yote kwenye matope, nyeupe, labda chumvi yote iliyokuwa upande ule wa mji. Alikuwa ameificha wale wa barieri wasimnyang'anye. Hata Bibi Mwayuma akaacha kulia kwanza, aangalie.

Mama Zaina hakulia, hakutukana. Alinitazama kwenye vifungo, kimoja kimoja.

"Umefungua yangu," akasema. "Sasa fungua yako."

"Miye?"

"Ulisema haki sawa kwa wote. Muntu gani anavaa koti ya mvua kwa jua hili? Fungua, tuone."

"Afungue!" yule mzee wa mguu akasema, na naye nampa haki yake, alikuwa na sababu.

Ndipo mtoto akapiga chafya. Chafya ndogo, kama ya paka. Nikakohoa kuifunika. Akapiga nyingine, nikakohoa tena, kwa nguvu, nimejishika kifua, na watu wakarudi nyuma wote kwa pamoja: "Iko na kifua kikuu!" Kwa muda mfupi nikadhani nimepona, naweza kukohoa hivyo mpaka Mama Jozefina arudi. Lakini yule mtoto wa kilo moja na kidogo, ambaye walisema hana nguvu ya kunyonya, akazungusha kichwa, akatafuta, akapata, akavuta.

Jamani. Nilipiga ukelele uliosikika, wanasema, mpaka mtoni. Nikaruka, vifungo vikaruka, koti likafunguka, na mbele ya umati, mlinzi, na majirani wa Alunguli niliokuwa nawaogopa tangu asubuhi, ikatokea kofia nyekundu, na vyote vinavyopakana nayo.

"Mujukuu wangu!" Bibi Mwayuma akalia. Halafu, akinitazama vizuri: "Mwizi!"

"Mwizi!" wakaitika.

"Miye si mwizi!" nikapaza sauti, huku natafuta kujifunika kwa mkono mmoja. "Miye njo kuveze!"

Papa Asumani akauliza taratibu, kama mtu anayesema na mgonjwa, "Unasema njo nini?"

"Kuveze! Kuveze ya ine!"

Wakaanza kucheka kabla ya kunipiga, na nafikiri hiyo ndiyo iliyoniokoa, kwa sababu mtu hawezi kufanya vyote viwili vizuri. Wakati huo kengele ya kinga ikalia nje ya lango. Mama Jozefina, na karto kichwani, boksi zima la dawa.

"Kuna nini hapa? Mbona kuveze yangu iko uchi?"

Akaelezwa na watu ishirini kwa pamoja. Akatua karto, akanikaribia.

"Nilikuambia umwambie nani?"

"Kila muntu."

"Ukamwambia nani?"

"Hapana hata mumoja."

Akaingiza mkono ndani ya kikwembe, akamshika mtoto miguu, akakaa hivyo muda, na mimi nikangoja kufukuzwa. Bibi Mwayuma naye akangoja, mikono mdomoni.

"Miguu iko moto," akasema Mama Jozefina. "Basi mashine iko inatumika. Akili njo haiko." Akanifunga koti yeye mwenyewe. "Kesho saa kumi na mbili. Usichelewe."

Mchana ule, mtoto akiwa bado kifuani, nilipiga magoti langoni pamoja na Mama Zaina, tukaokota chumvi kwenye matope, punje kwa punje, nikiinama kwa tahadhari nisimkunje mwenzangu wa kifuani. Iliyokuwa juu juu tuliipata. Ya chini iliyeyuka. Neno langu kwake lilikuwa moja tu na sikulisema.

Mtoto alipona. Walimpa jina la babu yake lakini Kindu haimwiti hivyo, inamwita Koti. Leo ana masharubu, anaendesha pikipiki ya abiria, akiniona njiani Kasuku anapiga honi na kusema, "Panda, Mama Kuveze," na abiria aliye nyuma anauliza kwa nini Kuveze, na njia nzima naisikia habari yangu inasimuliwa upya, vibaya, imeongezwa majogoo mawili.

Mimi bado niko chumba kileile. Sasa kuna mashine za kweli zenye taa na kengele, na sahani za jua za kutoa umeme juu ya bati. Siku hizi mkubwa wa chumba ni mimi (msinicheke, hata Mungu alishangaa), na sheria yangu kwa wauguzi wapya ni moja: ukifungwa mtoto kifuani, unatoka uani, unasema kwa sauti kubwa uko na mtoto wa nani. Wanaona haya. Nawaambia aibu ya sauti kubwa ni fupi.

Masika haya yaliyopita mawingu yalikaa wiki nzima, sahani za jua zikakosa jua, mashine zikazimika moja moja. Tukarudi kwa vikwembe. Mimi mwenyewe nikambeba katoto ka kike, nikavaa koti la kazi juu, nikatoka uani, nikatangaza. Wagonjwa wamezoea, hawainui hata kichwa. Ila kwenye benchi alikuwa ameketi bibi mmoja na fimbo yake, akasimama, akaja mpaka mbele yangu.

"Ule njo kitukuu changu," akasema. "Fungua, tuone."

Alikuwa Mama Zaina. Nikafungua. Akamtazama mtoto sana, nami nikamtazama yeye, na lile neno la miaka yote likanitoka, bila mpango, mbele ya wauguzi wangu wanaoniogopa.

"Mama Zaina, siku ile nilijua. Nilipokunyooshea kidole nilikuwa nimeshajua mutoto iko kwangu."

"Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu ulipochungulia. Miye nilikuwa nakuangalia weye peke yako. Nilikuwa na chumvi chini ya kikwembe, nilijua namna muntu anatembea akiwa ameficha kitu."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema," akajibu. "Nilisema fungua."

Akaguna, akanisukuma kidogo na ncha ya fimbo. "Haya funga sasa, mutoto atasikia baridi."

Nikafunga. Lakini kifungo cha juu nimekiacha wazi, kofia ya mtoto ionekane na kila mtu anayepita, na nimeapa nitakiacha wazi hivyo mpaka siku ya kustaafu, mvua inyeshe au jua liwake, mjusi awepo ukutani au asiwepo.